Leseni Yetu Ilifutwa kwa Shikamoo

Niseme kwanza barabara ilivyo, maana asiyeijua barabara ile hataelewa kwa nini wazee wazima tulifunga safari mpaka Tanga kugombania hewa.

Ukitoka kwetu juu, upande wa Shume, kushuka kuelekea Lushoto mjini, kuna mahali barabara inabanwa. Mkono mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu unaotoa maji mwaka mzima. Mkono wa pili ni bonde, na huko chini watu wamelima kabichi ambazo ukiwa juu unaziona kama vifungo vya shati. Lori moja linapita. Malori mawili hayapishani, hata madereva wawe ndugu wa tumbo moja. Na kipande chenyewe si kifupi, ni kona juu ya kona, kwa hiyo aliyeingia kwa juu hamwoni aliyeingia kwa chini mpaka wamekutana katikati, taa kwa taa. Hapo mmoja lazima arudi kinyumenyume. Nani arudi? Mwenye mzigo anasema arudi mtupu. Mtupu anasema yeye anapanda, na anayepanda harudi. Nimeshuhudia watu wakizima injini, wakashuka, wakakaa kwenye majani kila mmoja upande wake kama watu wenye kesi ya shamba, na karoti zinanyauka.

Ndiyo maana chama chetu, cha wakulima wa mboga pamoja na wenye malori, kikaamua kufunga redio koli. Ni zile redio ambazo mnaongea kwa zamu, ukibonyeza wewe mwenzako anasikiliza, ukiachia anaongea yeye. Kwa redio hizo huwezi kuanza tu kusema kama unavyosema na jirani. Serikali inakupa njia yako hewani, wanaiita masafa, na inakupa leseni ya njia hiyo, na leseni yetu ilisema ni ya shughuli za biashara. Hayo maneno, shughuli za biashara, tuliyasikia siku ya kwanza kama mtu anavyosikia tangazo la kanisa la usharika mwingine.

Kituo kikawekwa nyumbani kwangu. Sikuchaguliwa kwa akili. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe niliondoka kabla ya mavuno. Ni kwa sababu ya nyumba. Baba yangu alijenga kwenye mgongo wa mlima, watu wakamcheka, maana upepo wa pale unang'oa bati na kuku wanatembea kwa kuinama. Lakini ukikaa barazani, upande huu uko wazi mpaka mlango wa juu wa kile kipande, na upande ule mpaka mlango wa chini, na redio inataka hivyo hivyo, iwe na uwazi. Sababu ya pili ni nyonga. Nilianguka kwenye mti wa peasi, umri wa mtu kukaa chini ya mti akiwaelekeza wengine, na mke wangu alikuwa amenikataza, na mpaka leo anapenda kuwasimulia wageni. Nikawa sifai kwa jembe. Nikapewa kiti.

Kazi ilikuwa nyepesi. Dereva akifika mlango wa juu ananiita. Akifika mlango wa chini ananiita. Mimi nasema fulani aingie, fulani asubiri. Tangu nikae kwenye kiti kile malori ya chama hayakukutana tena katikati. Na katika madereva hao mmoja alikuwa mwanangu wa pili. Alikuwa anaingia kwa juu na kabichi zake, nami nakaa na kikombe mkononi bila kunywa, mpaka nisikie sauti yake kutoka chini, "Nimetoka." Hapo ndipo nakunywa. Chai yangu ya miaka ile karibu yote niliinywa imepoa, na sikulalamika.

Sasa nije kwenye kosa letu.

Fundi aliyekuja kuzifunga redio zile, kijana wa mjini mwenye kofia ya kugeuza nyuma, alitufundisha kutwa nzima pale uwanja wa kupakilia. Kila gari lilipewa namba. Ukitaka kuita unataja namba ya unayemwita, unajitaja wewe, unasema neno la kazi, unaachia. "Namba Nne, Namba Nne, hapa Kituo. Uko wapi?" Naye anajibu, "Kituo, hapa Namba Nne, niko mlango wa juu." Hakuna habari za asubuhi. Fundi alisema hewani ni kama kisimani, unachota unaondoka, wengine wako nyuma yako. Tukatazamana. Kisimani kwetu ndiko mtu anakokwenda akae aongee.

Namba Nne alikuwa mkwe wangu. Ni baba wa mke wa huyu huyu mwanangu dereva, mzee kunizidi mimi, na lori lake analiendesha mwenyewe mpaka leo kwa sababu hajawahi kuona kijana anayebadilisha gia kwa adabu. Asubuhi ya kwanza ya redio nikajikaza, nikabonyeza, nikasema kama nilivyofundishwa, "Namba Nne, Namba Nne, hapa Kituo." Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikaogopa, nikadhani ametumbukia. Baadaye nikamsikia anapita kwa honi, mwenyewe, kona baada ya kona, kama zamani.

Jioni akaja kwangu. Akakataa kuvuka kizingiti mpaka nimemkaribisha mara nyingi, na alipokaa alikaa ukingoni mwa kiti.

"Karibu chai, mkwe."

"Chai nimekunywa."

"Habari za safari?"

"Safari njema. Ila asubuhi kuna mtu alikuwa anaita Namba Nne, Namba Nne. Nikageuka kutazama nyuma, nikidhani nimebeba ng'ombe wa mnada."

"Mkwe, ni utaratibu wa redio."

"Redio ina wazazi?"

Mke wangu akaondoka kwenda jikoni, ambako ndiko anakokimbilia akitaka kucheka.

"Mimi nilikupa mtoto wangu," akasema. "Siku mlipokuja kumposa mlikaa pale nje kwangu na wazee wako, mkaulizia hali ya nyumba nzima mpaka ya mbuzi, ndipo mkasema kilichowaleta. Leo unaniita kwa namba, na madereva wote wanasikia, na mkwe wako mdogo, binti yangu, yuko humu humu ndani anasikia."

Kesho yake nikabonyeza nikasema, "Shikamoo, mkwe." Redio ikajibu hapo hapo, sauti safi kabisa, "Marahaba! Mmeamkaje huko?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nikimwamkia huyu, nitamwitaje mwingine kwa namba, naye ni mzee wa kanisa? Naye nikaacha kumwita kwa namba. Na vijana nao, kijana atamwambiaje mzee "subiri mimi niingie" kabla hajampa shikamoo? Na wapo walioanza kwa Kisambaa kabisa, onga maundo, na salamu hiyo kwetu haiji peke yake, ina msafara nyuma yake, watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, yule mgonjwa ameamkaje, na mvua ya huko. Mke wangu naye akawa anainama kwenye kipaza sauti na mwiko mkononi, anauliza kama mama fulani kule Mlola amejifungua. Na misiba. Mtu akifariki, tulijua kwa redio kabla kengele haijapigwa. Lori linaloshuka liliagizwa mbao za jeneza, linalopanda likabeba waombolezaji. Sijui binadamu angefanya vipi vingine akiwa na chombo kama kile mezani kwake.

Onyo lilikuja. Nisiseme halikuja. Kuna watu wa ofisi ya masafa ambao kazi yao ni kusikiliza, walisimamisha gari lao lenye mlingoti sehemu za Lushoto, wakasikiliza siku kadhaa, na onyo likaja, na baadaye likaja jingine. Mwenyekiti akalisoma mkutanoni: watumiaji wanaongea mambo yasiyo ya biashara, na watumiaji hawajitambulishi. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Nani hajitambulishi? Sisi wote si tunajuana sauti?" Tukacheka sana. Tukafunga kwa sala. Tukaenda nyumbani.

Aliyeniletea habari ya kufutwa ni katibu wetu. Ni mama wa Tanga mjini aliyeolewa huku, ananunua nyanya kwa matenga na kuzishusha Mombo, maneno yake yanakwenda mbio kama maji ya mfereji. Nilimwona anapanda kilima kwangu amekusanya gauni mkononi.

"Shikamoo, baba. Zima hiyo."

"Marahaba. Nizime nini, mama?"

"Redio. Leseni imefutwa. Ukibonyeza tena ni kosa, watakuja kuibeba na wewe pembeni yake."

"Imefutwa kwa nini?"

"Kwa nini! Kwa sababu nyie Wasambaa mnasalimiana mpaka mboga zinaoza. Mimi nimesema, nimesema, nimechoka."

"Lakini na wewe hapa umeanza na shikamoo."

"Sasa ningeingiaje kwa mtu mzima?" Akasikia alichosema, akakaa chini akajipangusa jasho kwa mtandio. "Baba, usinichekeshe, nina hasira."

Nikazima. Ile taa yake nyekundu ikafa. Siku zile masika ilikuwa haiko mbali, mawingu yalikuwa yameshaanza kulala juu ya msitu wa Shume mchana kutwa, na kila mtu anajua udongo wa kile kipande ukilowa unakuwa sabuni. Nilichokitaka mimi ni kimoja tu, redio irudi kabla ya mvua. Mambo ya heshima ya chama, sijui jina letu wilayani, hayo waliyasema wengine. Mimi nilikuwa na mtoto kwenye ile barabara.

Utasema simu zipo. Zipo. Hata mke wangu anayo ya kugusa kioo. Lakini kwenye yale makorongo mtandao hauingii, na anayetoka juu hajui yuko nani chini ampigie. Tulijaribu. Madereva wakawa wanapiga honi kila kona, lakini ukungu unameza honi, unasikia kama imetoka nyuma kumbe iko mbele.

Ikafika asubuhi moja mwanangu ameingia kwa juu na kabichi mpaka juu ya bodi. Katikati akatazamana na lori la magogo linapanda tupu. Dereva wa magogo si wa chama chetu, akaweka mkono dirishani akasema yeye harudi. Mwanangu akarudi. Kinyumenyume, na mzigo, kwenye kona, kwenye ukungu, utingo wake anatembea nyuma akipiga bodi kwa kiganja, njoo, njoo, njoo. Halafu utingo akapiga kelele. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa limekosa ardhi.

Walipakua zile kabichi kwa mikono, wakazipanga kwenye ukuta wa udongo, ili lori liwe jepesi livutwe. Nilifika pale na fimbo yangu jua limeshatoka. Nikaona alama ya tairi inavyoishia hewani. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye rundo la kabichi, mikono kati ya magoti. Hakunilaumu. Angenilaumu ningeweza kumjibu. Alisema tu, "Shikamoo, baba," kisha akasema, "Masika ikianza, mimi hapa sipiti bila redio. Ujue hivyo."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kupakilia, watu wamekaa juu ya viroba. Vijana walikuwa wamewaka. Kuna mmoja mwembamba, hata ndevu hazijakubaliana naye, akasimama akasema, "Wazee, shikamooni, lakini mmetuponza. Mimi niiteni hata Sifuri, ilimradi nisitumbukie."

Mkwe wangu akamjibu bila kugeuka, "Wewe ukiitwa Sifuri hakuna kilichopungua."

Watu wakaangua kicheko, kijana mwenyewe akacheka, na hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo, kwamba kila tulipokaribia kulisema jambo lenyewe tulicheka. Katibu akapiga kofi.

"Nyamazeni! Rufaa ipo. Tukienda tukawaonyesha kwamba tunaweza kutumia redio kama watu wengine wanavyotumia, wanaweza kuturudishia. Lakini twende na anayekaa kituoni, na twende na dereva mmoja mzee. Tena yule aliyekataa namba."

Wote wakamtazama mkwe. Akatoa udongo kwenye kisigino cha kiatu. "Nitakwenda," akasema. "Ila sijasema nitaitwa."

Tulikwenda kwa lori lake, amebeba karoti, maana hakuona sababu ya kwenda Tanga mtupu. Katibu alikaa katikati. Mimi nilivaa sweta langu la kanisani, na mpaka tunapita mashamba ya mkonge nilikuwa nimeiva. Watu wa Tanga wanaishi ndani ya sufuria na wanakuita wewe mshamba.

Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, akasimama tulipoingia akatupa shikamoo sisi wazee, mmoja mmoja. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu ana wazazi, huyu atatuelewa. Akatukalisha, akaagiza maji, halafu akatusikilizisha sisi wenyewe, kwa kompyuta. Walikuwa wameturekodi.

Sauti yangu sijawahi kuisikia ikitoka nje yangu. Nilidhani ni kaka yangu marehemu. Ikasema, "Shikamoo, mkwe." Ikajibu, "Marahaba, mmeamkaje?" "Tumeamka wazima, sijui ninyi." "Sisi wazima, ila yule ng'ombe mweupe hajala." "Hajala! Tangu lini?" Na hapo ikaja habari yote ya ng'ombe, na dawa aliyopewa, na mganga wa mifugo ambaye hapatikani. Nilitamani kuinuka niikanyage ile kompyuta. Mwishoni kabisa nikasikika nauliza, "Sasa nani yuko mlango wa chini?" "Mimi." "Wewe nani?" "Mimi, si unanisikia?" "Haya, ingia."

Ofisa akasimamisha. "Sasa mzee, huyu 'mimi' ni nani?"

"Si huyu hapa," nikasema, nikimwonyesha mkwe.

Ofisa alicheka, ila alicheka kwa muda mfupi. Akasema, "Baba, leo ni yeye. Siku 'mimi' akiwa mwingine, ukamwambia 'ingia' ukidhani ni huyu?" Halafu akaturudisha kwenye ile rekodi na kutuonyesha mahali, katikati ya ng'ombe mweupe, ambapo sauti ya kijana inajaribu kupenya, kidogo tu, inakatika, inajaribu tena, inakatika. Mtu alikuwa anataka njia. Alikuwa anasubiri ng'ombe aishe. Sikuijua ile sauti mara ya kwanza. Mara ya pili niliijua. Ilikuwa ya mwanangu.

Hapo alinishika. Mkwe naye aliinamisha kichwa, maana yule ni mume wa binti yake.

Ofisa akatoa vidude viwili vidogo vya redio ya mkononi, vya mle ofisini. Kimoja akanipa mimi, kingine akampa mkwe, akamwomba atoke asimame kwenye varanda. "Naomba nisikie mkiongea kama leseni inavyotaka. Mara moja tu."

Mlango ukafungwa. Katibu akanikazia macho. Nikainua kile kidude. Ukweli ni kwamba shikamoo ilikuwa imeshafika mdomoni, inasukuma. Nikaimeza. Nikabonyeza.

"Namba Nne. Namba Nne. Hapa Kituo. Uko wapi?"

Kimya. Feni inazunguka. Katibu akaanza kusema kitu kwa midomo bila sauti, nadhani alikuwa anaomba dua. Nikasema moyoni ameshaondoka, ameshawasha lori, atatuacha hapa Tanga.

Halafu kile kidude kikakwaruza. "Kituo, hapa..." Ikakatika. Ikarudi. "Kituo, hapa Namba Nne. Niko mlango wa juu."

"Namba Nne, ingia."

"Naingia."

Mlango ukafunguliwa mkwe akaingia kweli, akaweka kile kidude mezani polepole. Hakunitazama. Katibu alitaka kupiga kigelegele akajizuia kwa kujiziba mdomo na mtandio. Ofisa akasema, "Vizuri sana, wazee wangu, vizuri sana," akachukua karatasi zetu akaenda chumba cha wakubwa zake.

Tulikaa. Nikaanza kupanga nitakavyomwambia mwanangu.

Ofisa aliporudi alikuwa anatembea tofauti. Akakaa, akapanga kalamu. Akasema masafa yetu tayari wamepewa watu wengine, kampuni ya walinzi, tangu wiki chache baada ya kufutwa. Kufutwa hakuwezi kugeuzwa. Tunaweza kuomba upya, masafa mengine, na maombi yatakwenda kwa foleni yake kama ya mtu yeyote.

"Foleni yenyewe inachukua muda gani?" katibu akauliza.

"Siwezi kuwaahidi, mama."

"Kabla ya masika?"

Ofisa akatazama dirishani, kule nje kweupe, jua kali, kama mtu anayekumbuka kwamba kuna mahali mvua inanyesha. "Siwezi kuwaahidi."

Mimi nikasema, na sauti ilipanda kuliko nilivyokusudia, "Sasa kwa nini umenifanya nimwite? Ulijua njia imeshatolewa, kwa nini umenifanya nimwite mkwe wangu kwa namba mbele ya watu?"

"Sikujua, mzee. Nimejua sasa hivi. Lakini haijapotea, nitaandika kwenye maombi mapya kwamba mmeonyesha mnaweza."

Mkwe akasimama akavaa kofia. "Asante, mwanangu," akamwambia ofisa. "Baki salama. Wasalimie wazazi." Akatoka.

Barabara yote ya kurudi hakusema. Tulishusha karoti, tukapita Korogwe, tukafika Mombo tukala mahindi ya kuchoma tukiwa tumesimama, naye ananipa kipande changu. Tulipoanza kupanda, baridi imerudi na sweta langu limekuwa na maana tena, ndipo aliposema, akiwa anatazama mbele, "Kilichoniuma si wewe kuita. Ni mimi kuitika." Nikatazama bonde. Mpaka leo anakuja kwangu, anakunywa chai, anaulizia nyonga. Lakini anauliza kama mtu anayemaliza wajibu.

Katibu aliandika maombi mapya juma lile lile. Chama kikajaribu utaratibu, asubuhi wanaoshuka tu, mchana wanaopanda tu. Watu wa magogo hawakuufuata, na ukiwalaumu wanasema wao si wanachama, na kweli si wanachama. Kila nilipokutana na katibu nilimuuliza, "Wamesema nini?" Naye, "Wanasema tusubiri, baba." Nilimuuliza mpaka akawa anabadilisha njia akiniona. Nilikaa barazani na redio iliyozimwa mezani. Kuna siku niliiwasha kusikiliza tu, nikijua kusikiliza hakuwezi kuniletea balaa, nikasikia walinzi wale wa mbali huko, kwenye njia yetu, wanaitana kwa namba, haraka haraka, bila hata habari za asubuhi. Walikuwa wanafanya vizuri. Nikazima.

Masika ikaanza kwa ile mvua ya kimya isiyopiga bati, inayolala tu. Siku ya tatu ya mvua mwanangu akaja asubuhi, hakuvaa koti la kazi. Mke wake alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni na begi mkononi. Nikajua kabla hajafungua kinywa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona begi?"

"Nimepata gari Mombo. Barabara kuu, lami. Moshi na kurudi."

"Leseni itatoka. Katibu anasema tusubiri."

"Ikitoka utanipigia, baba."

"Na nyumba yako? Na shamba la viazi?"

"Wadogo zangu watalima." Akatazama kile kiti changu, na kikombe. "Baba, nilikuambia pale kwenye kabichi. Sikuwa natania."

Nilitaka kumwambia kwamba nilisikia sauti yake kwenye ile kompyuta Tanga, ikijaribu kupenya. Sikuwa nimemwambia, na pale uani na mvua na mkwe wangu mdogo amesimama sikuweza. Nikambariki mtoto, nikamwambia dereva wa lami naye anakufa, awe mwangalifu. Ndivyo mzazi anavyosema akikosa la kusema. Wakashuka kwa miguu mpaka mlango wa chini, hawakutaka kupanda lori katika kile kipande.

Mvua ilikuwa bado inaendelea katibu aliponijia, safari hii bila kukimbia. Wale wa Tanga wamepiga simu. Maombi yamefika mezani, wanataka wajue magari yaliyopo sasa, maana kila namba lazima iwe na gari lake na dereva wake. Akakaa kwenye benchi, akatoa kalamu, akaanza kuniuliza nami namjibu. Mkwe bado yupo. Yule kijana wa Sifuri bado yupo. Wengine wapo.

"Na hili la mwanao, baba? Lori liko hapa, dereva hayupo."

"Hayupo."

"Niiache namba wazi mpaka arudi, au nimpe mwingine?"

Nje lori lilikuwa linapiga honi mlango wa juu, kona ya kwanza, halafu kimya, halafu kona ya pili. Nikasikiliza mpaka ya tatu.

"Mpe mwingine," nikamwambia.